Kona Tisa

Msinione nafoka mkadhani nimezaliwa hivi. Nimefokeshwa. Nilianza kazi ya waya nikiwa na miaka ishirini na miwili, enzi za simu za mezani, shaba tupu, na kwa miaka ishirini na tisa hakuna mwenye nyumba aliyewahi kukuta waya wangu umelegea. Waya niliouweka mimi ulipanda ukuta umenyooka, ukifika pembeni unakata kona, kona ya kweli, ungeweza kuweka rula pale. Binti yangu, ambaye ni kiziwi tangu kuzaliwa, ndiye aliyenipa jina kwa ajili ya hilo. Viziwi hawahangaiki na majina marefu, kila mtu humpa alama yake. Yangu ni viganja viwili vinavyokutana kama pembe ya mlango. Kona. Alinipa akiwa na miaka sita, na siku nilipowaonyesha wenzangu kazini, jina langu halisi likafa siku hiyohiyo.

Sasa shaba nayo imekufa. Kampuni imeleta faiba, uzi wa kioo mwembamba kama unywele unaopitisha mwanga, na sisi wa zamani tukapewa mafunzo ya siku tatu. Siku tatu! Nilikaa nyuma. Kijana aliyetufundisha alikuwa hajazaliwa nilipopanda nguzo yangu ya kwanza. Alisema mambo mengi, na mengi niliyasikia kwa sikio moja. Aliyesikiliza kwa yote mawili ni fundi wetu wa kuunga, mwanamke mmoja mwembamba tunayemwita Sindano, kwa sababu anaunga nyuzi mbili za kioo kichwa kwa kichwa mkono wake usitikisike hata lori likipita.

Mtaa wa kwanza kupangiwa kikosi changu ulikuwa mtaa wangu mwenyewe, nami niliupigania. Nilikuwa na sababu. Binti yangu, tunayemwita Mwalimu, tangu utoto hajaota kitu kingine ila kufundisha watoto viziwi. Kuna chuo kimoja tu kinachomfaa, kiko safari ya siku mbili, na usaili wao ni wa video. Mwaka jana alifanya usaili kwa simu ya mkononi, kwa mtandao wa mnara ule uliopo kule sokoni. Anaanza tu kujieleza, picha ikaganda. Mkono wake ukabaki hewani, vidole vitatu juu, kama mtu anayeagiza chai tatu. Ukizungumza kwa mdomo, picha ikikatika sauti inaweza kupenya. Yeye sauti yake ni mikono. Mkalimani wa chuo akaandika, "Samahani, hatukupati," mara nne, na muda ukaisha. Chuo kinampa mtu nafasi mbili, basi. Ya pili ilikuwa Jumanne, saa nne kamili asubuhi.

Nikamwambia binti yangu kwa alama zangu mbovu: faiba itafika kabla ya siku hiyo. Nikajipiga kifua. Ahadi ni deni, na mimi ndiye niliyeitoa.

Basi mtaniuliza ilichukua muda gani kuvuta kebo mtaa mmoja wenye nyumba arobaini na moja. Miezi saba! Kwanza nguzo zilikuja fupi, zikarudishwa. Zikaja ndefu, jirani yangu mwenye geti jekundu akakataa nguzo isisimame mbele ya geti lake, eti itamharibia sura ya nyumba. Sura gani? Nyumba yenyewe ina rangi tatu na haijamalizika hata moja! Tulibishana wiki mbili, tukaacha kusalimiana, na mwisho nguzo ikasogezwa hatua nane, ukutani kwangu. Halafu watu wa maji wakaja kuchimba mtaro, wakaikata kebo kuu. Tukaunga. Wakarudi kufukia mtaro wao, wakaikata tena, hatua mbili kutoka palepale. Nilimuuliza msimamizi wao kama ana ugomvi na ukoo wangu.

Na juu ya yote hayo alikuwepo Bwana Picha. Huyu ni mhandisi wetu wa ofisini, sijawahi kumwona akiwa na vumbi kwenye kiatu. Yeye kazi yake ni picha. Ukichimba shimo, piga picha. Ukisimamisha nguzo, piga picha. Ukifunga sanduku, yaani lile boksi la juu ya nguzo ambalo kebo kuu inagawanyika kwenda kwenye kila nyumba, piga picha tatu. Picha isipoonekana safi, kazi haijafanyika, hata kama mtandao unakimbia kama maji. Siku moja aliikataa kazi nzima kwa sababu kwenye picha kulikuwa na kuku.

Ijumaa ile, siku nne kabla ya usaili, sanduku la nguzo yangu likawaka. Nyumba kumi na mbili kwa siku moja, na kila tulipochomeka ruta, kile kiboksi cha mtandao cha ndani, taa ilitoka kijani. Hata kwa geti jekundu ilitoka kijani, nikaumia rohoni. Vijana wangu waliingiza kebo majumbani mwa watu kwa uvivu mtupu, zimepinda pembeni kama mkia wa panya, zimeachiwa mikunjo ya ziada nyuma ya makochi. Niliwafokea. "Hii ni kazi au ni kamba ya kuanikia nguo?"

Kwangu nikasema hapana, kwangu nafanya mwenyewe. Nilivuta kebo nyeupe, nikaipima ikiwa bado imelala sakafuni, kipimo kikasema mwanga ni mzuri. Kisha nikapanga ngazi. Kutoka dirishani nikaipandisha hadi darini, nikaizungusha sebuleni, nikaizungushia fremu ya mlango wa chumba cha Mwalimu, nikaishusha hadi kwenye meza yake. Kona tisa. Kila kona niliibana kwa kidole gumba mpaka ikakaa, nikaipigilia klipu mbili, huku na huku. Sikuacha hata shubiri ya ziada, maana mimi sitaki mikia. Nilipomaliza nilirudi nyuma nikaitazama kazi yangu, nikasema moyoni, haya ndiyo mapenzi ya baba. Mke wangu akasema imependeza. Nikapiga picha, nikamtumia Bwana Picha, naye, kwa mara ya kwanza katika miezi saba, akaisifu. Akaituma kwenye kundi letu zima la simu na maneno: "Hivi ndivyo inavyotakiwa. Igeni."

Nikachomeka ruta. Taa ikawaka nyekundu.

Nikachomoa, nikafuta kichwa cha kebo, nikachomeka. Nyekundu, tena inakonyeza. Nikabadilisha ruta. Nyekundu. Nikapanda nguzo, nikapima kwenye sanduku: mwanga upo, tele. Nikashuka na jibu tayari mkononi. Kosa ni la Sindano. Kiungo chake cha nyumba yangu hakikushika.

Jumamosi asubuhi nilimtoa nyumbani kwake kabla hajanywa chai. Akakifungua kiungo, akakata, akasafisha, akaunga upya, mashine yake ikampa alama nzuri. Taa yangu ikabaki nyekundu. Nikamwambia arudie. Akarudia. Akashuka kwenye nguzo, akajifuta jasho, akaniuliza taratibu, "Mzee, ile kebo ya ndani uliipima kabla ya kuipigilia, au baada?"

"Nimepima!" nikasema.

"Najua umepima. Nauliza lini."

"Wewe binti, mimi nimepigilia waya tangu hujaota meno."

"Waya wa shaba, Mzee," akasema. "Twende ndani nikaangalie mara moja tu."

"Ndani hakuna cha kuangalia. Picha umeiona. Ofisi nzima imeiona."

Akaniangalia, akafunga sanduku lake la vifaa, akaenda kunywa chai yake. Nyani haoni kundule, huo ni msemo wa zamani, na wakati ule mimi ndiye niliyekuwa nyani na nilikuwa nimejikalia juu ya mti wangu kwa raha zangu.

Jumapili. Hii Jumapili naomba muisikilize vizuri, kwa sababu ndiyo inayoniuma. Nilikuwa sebuleni, simu nimeibana kwa bega, nampigia kelele Sindano aje mara ya tatu, mkono mmoja una nyundo, mwingine una koleo. Mwalimu alikuwa chumbani kwake anafagia utando darini kwa ufagio mrefu. Ghafla nasikia anapiga mguu sakafuni. Hivyo ndivyo anavyomwita mtu: anakanyaga, mtetemo unakufikia. Nikainua nyundo, maana yake subiri. Akakanyaga tena. Nikaendelea na simu. Akaanza kuwasha na kuzima taa ya chumba, washa, zima, washa, zima, ile ya kusema nitazame sasa hivi.

"Utaunguza taa!" nikafoka, kana kwamba anasikia.

Nikaenda mlangoni. Macho yangu yalienda wapi? Hayakwenda kwake. Yalienda juu ya fremu ya mlango, kwenye kona yangu ya saba, nikakuta klipu zimeng'oka na kebo imeachia ukuta, inaning'inia. Ufagio ule! Kazi yangu, iliyotumwa kwenye kundi zima! Mwalimu alikuwa mbele yangu anasema kitu, mikono inakwenda haraka, anaonyesha kona, anaonyesha mezani, kona, mezani. Mimi sikutazama. Mikono yangu ilikuwa imejaa na macho yangu yalikuwa yamejaa kona. Nikakata simu, nikapanda kiti, nikaibana kebo kwa kidole gumba, nikapigilia klipu. Tena nikaongeza ya tatu. Nikashuka, nikamtolea kidole: usiguse.

Mikono yake ikashuka taratibu, akarudi kufagia.

Mke wangu alikuwa ameona yote kutoka jikoni. "Mtoto anakuambia kitu," akasema.

"Ameng'oa kebo, ataniambia nini?"

"Sijui, alikuwa anaongea na wewe, si na mimi." Akafunika sufuria kwa kishindo. "Mimi nasema hivi, katika nyumba hii kiziwi ni mmoja, na si yule unayemdhania."

Nikatoka nje kuitazama nguzo.

Jumatatu niliigombeza dunia nzima. Nilimpigia Bwana Picha nikamwambia mtambo mkuu una hitilafu. Akaniuliza nina picha ya hitilafu. Nikawapigia walioleta ruta. Nikawapigia walioleta kebo, nikaambiwa wewe ni wa nane kwenye foleni, subiri, na muziki wao ukanipigia kinanda sikioni dakika arobaini. Sindano alikuwa amepelekwa mtaa mwingine. Jioni mke wangu akasema jambo la maana, "Kesho mtoto aende kwa jirani. Kwao taa ni ya kijani."

"Kwa geti jekundu? Mtu aliyeikataa nguzo yangu? Mwanangu akaombe mwanga kwake? Ng'o!"

"Nguzo ni ya Kampuni," akasema mke wangu. "Usaili ni wa mtoto. Wewe chako ni kipi hapo?"

Sikulala vizuri. Saa mbili asubuhi ya Jumanne niliimeza fahari yangu, chungu kama ilivyo, nikaenda kugonga geti jekundu. Limefungwa kwa kufuli. Mwenye duka wa jirani akaniambia wamesafiri kwenda harusini tangu jana, watarudi Alhamisi. Nyumba nyingine zilizokuwa na mwanga nilijaribu mbili: ya kwanza ruta imefungiwa chumbani kwa mpangaji aliyekwenda kazini, ya pili hakuna mtu. Nikarudi nyumbani miguu mizito. Nilimkuta Mwalimu amekaa mezani kwake, amevaa blauzi ya bluu iliyokolea, maana viziwi wakizungumza mbele ya kamera huvaa nguo isiyo na maua, mikono ionekane. Amesuka vizuri. Hakuwa analia. Alikuwa ameweka simu yake ya mkononi imeegemea kikombe, kwa mtandao uleule wa mnara uliomwangusha mwaka jana. Kwake kuahidiwa na Kona lilikuwa jambo lililokwisha.

Hapo ndipo nilipompigia Sindano, na sikupiga kelele. Nilisema, "Dada yangu, nakuomba. Njoo uangalie ndani."

Alifika saa tatu na dakika kumi na tano, pikipiki inahema. Hakuniuliza kitu. Aliingia, akachomoa kebo kwenye ruta, akachomeka pale kalamu ya taa nyekundu, ile wanayotumia kutafuta kebo ilipovunjika. Inamulika ndani ya kioo, na kioo kikiwa salama huoni kitu, mwanga unapita zake. "Funga mapazia," akasema.

Nikafunga. Lo! Afadhali nisingefunga.

Kona zangu ziliwaka. Kila moja. Juu ya meza, nyekundu. Kwenye fremu ya mlango, mbili, nyekundu. Nikatoka sebuleni: nyekundu, nyekundu, nyekundu, hadi dirishani. Mwanga wote ulikuwa unavuja pale nilipobana kwa kidole gumba changu mwenyewe. Kona tisa zimewaka kama makaa.

"Mzee," Sindano akasema, na hakusema kwa kebehi, jambo lililoniuma zaidi, "shaba ni kama mtu anayetembea. Akifika kwenye kona anageuka, anaendelea. Mwanga haugeuki hivyo. Usiikunje kebo hii kwa duara dogo kuliko mdomo wa kikombe. Tulifundishwa siku ya kwanza."

Nikatazama mlangoni. Mwalimu alikuwa amesimama pale, amenitazama mimi, hatazami kuta. Akainua mikono akasema polepole, kama unavyomsemesha mtoto: Jumapili. Ufagio uling'oa ile. Akaonyesha kona ya saba. Taa ikawa kijani. Nilikuita. Ulikuja, ukaipigilia.

Alikuwa amelipata jibu siku mbili kabla ya wote, akaniletea hadi miguuni, na mimi nikalipigilia klipu tatu. Wallahi nilitamani ardhi inimeze pamoja na ngazi yangu. Nilikuwa nimewafokea watu wa maji, ofisi, jirani, Sindano, vijana wangu ambao mikia yao ya panya ilikuwa inapitisha mwanga mtaa mzima, na kosa lilikuwa juu ya kichwa cha mwanangu, limenyooka, limesifiwa.

Ilikuwa saa tatu na dakika thelathini na nane.

"Ng'oa zote! Hiyo moja haitoshi tena, umeibana mara mbili," Sindano akasema, na akapanda ngazi.

Tuling'oa. Klipu ziliruka kama bisi, lipu ikaporomoka, mke wangu akawa anafagia nyuma yetu huku akiomba kwa sauti. Kebo ikashuka kutoka darini imejaa makunyanzi pale zilipokuwa kona, na kila kunyanzi ilibidi tulilainishe kwa viganja. Sindano akaitundika ya sebuleni kwa kamba za viatu, kwenye misumari ya saa na ya kalenda, mikunjo mikubwa mikubwa, kweli kamba ya kuanikia nguo. Chumbani ndipo tulipokwama. Kwa vile sikuacha hata shubiri ya ziada, kebo ilifika mezani imejivuta, na ikiachiwa inalala kwenye ukingo wa meza na kujikunja palepale. Gundi ya karatasi haikushika kwenye chokaa. Nilipopiga msumari, lipu ikamwagika na msumari pamoja. Saa tatu na dakika hamsini na saba.

Nikaishika kwa mikono. Nikasimama nyuma ya kiti cha Mwalimu, mikono juu ya kichwa, kebo imepita kwenye viganja vyangu kwa mkunjo mpana.

Taa ikawa kijani.

"Usitikisike," Sindano akasema kutoka sebuleni. "Ukiishusha kidogo tu tunarudi nyekundu."

Mwalimu akaisogeza simu kando, akawasha kompyuta yake, na kioo kikafunguka. Watu watatu wamekaa mezani, na mkalimani pembeni, wanaonekana hadi vifungo vya mashati. Mwalimu akawasalimu, mikono yake ikapita bila kukatika hata kidole kimoja. Na mimi nilionekana pia, sikuwa na pa kujificha. Mzee mwenye lipu kichwani, mikono juu, kama mtu aliyekamatwa.

Mama mmoja wa katikati akauliza kitu, na mkalimani akakisema kwa alama: "Huyo nyuma yako ni nani?"

Nilingoja aonyeshe jina langu, viganja viwili kama pembe ya mlango. Hakuonyesha. Aligeuka akanitazama kutoka juu hadi chini, akawarudia, akasimamisha mkono mmoja wima kama fimbo.

Nguzo, akasema. Ya faiba. Wameisimamisha asubuhi hii.

Wakacheka wote watatu. Nami nikataka kumjibu, nina jibu zuri tu, na ndipo nilipogundua kwamba siwezi. Mikono yangu haikuwa yangu. Nilichokuwa nacho ni mdomo, na mdomo kwake si kitu. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe nilisimama chumba kimoja na binti yangu nikiwa bubu kabisa, na sikuwa na la kufanya ila kumtazama akizungumza.

Nikamtazama dakika arobaini na tano. Mabega yaliniwaka moto, kisha yakafa ganzi, kisha yakaanza upya. Jasho likaniingia jichoni na sikulifuta. Sikuwahi kujua kwamba anazungumza vizuri kiasi kile. Mimi huwa ninakamata neno moja moja, nusu ya sentensi, kisha nageukia koleo. Alieleza mambo ya watoto viziwi wa mtaani kwetu anaowafundisha kuhesabu kwa vifuniko vya chupa, na nilikuwa sijui kama wapo sita, nilidhani wawili.

Mwishoni yule mama akamuuliza kwa nini anataka kuwa mwalimu.

Mwalimu akafikiri kidogo. Kisha akasema: Baba yangu alijifunza lugha yangu ukubwani. Anaisema vibaya, anakosea kila siku, lakini alijifunza. Tatizo lake ni kwamba mikono yake huwa imejaa kila wakati. Vifaa, simu, nyundo. Mtu mwenye mikono iliyojaa kwangu ni mtu aliyenyamaza. Na watoto wengi ninaowajua nyumbani kwao kumenyamaza hivyohivyo. Nataka kufundisha watoto. Halafu nataka kufundisha wazazi waweke vitu chini.

Mkalimani alitafsiri kwa sauti, lakini nilikuwa nimeshaelewa kabla yake. Nilielewa kila neno. Na mimi pale, nimeshika kebo juu ya kichwa chake, kitu kimoja tu nisichoweza kukiweka chini. Machozi yalinitoka na wale watu watatu wakayaona, wacha wayaone.

Walipoaga na kioo kikazima, mikono iligoma kushuka. Sindano na mke wangu ndio walioishusha, mmoja huku mmoja huku, kama wanakunja ngazi. Nilijaribu kufanya alama ya samahani, vidole vikawa vinatetemeka tu, sijui nilisema nini. Mwalimu aliishika mikono yangu akaisugua mpaka damu ikarudi. Alikuwa bado na hasira, niliiona, na hakuificha. Ila aliisugua.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Amepata. Ameondoka tangu mwanzo wa muhula, na chumba chake kimebaki na meza na ruta. Kebo bado imetundikwa na kamba za viatu, mikunjo ya kutosha kupitisha kikombe, inachekesha kila mgeni. Bwana Picha alipoipata picha yake akaandika: "Kazi chafu. Irudiwe." Nikamjibu aje airudie mwenyewe, na aje na ngazi yake.

Anapiga kila Alhamisi jioni. Nakaa pale kwenye kiti chake, kioo kinafunguka, namwona hadi kucha. Lakini haanzi kuzungumza. Anakunja mikono kifuani, anangoja, hata niwe na haraka namna gani. Mpaka niinue viganja vyote viwili mbele ya kamera, aone havina kitu.